Mti, Chuma na Jiwe: Alama za Waanzilishi wa Karagwe

Historia ya makazi katika nchi ya Karagwe ni ndefu kuliko historia ya ufalme wake, na ufalme wenyewe ni mkongwe kuliko wilaya, kata na vijiji tunavyovijua leo. Nyakasimbi, kata iliyo katika Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, imeandikwa kwenye daftari za serikali kwa hesabu ya kaya, shule na zahanati. Lakini kila kaya iliyomo humo imekaa juu ya ardhi iliyofyekwa na mtu fulani, katika zama fulani, naye aliacha alama ili atakayemfuata ajue kwamba hapa paliwahi kukaa watu. Makala haya yanafuatilia alama hizo: zilianzaje, nani alizitunza, nani alizibadilisha, na kwa nini waanzilishi wa vijiji vingi vya Karagwe hadi leo hawana jiwe lenye majina yao, ilhali wasafiri waliopita humo kwa miezi michache wameandikwa vitabuni na minarani.

Wa kwanza kuacha alama hawakuwa wakulima. Katika mto Kagera, unaoigawa Karagwe na nchi jirani, kipo kisiwa cha Kansyore upande wa Uganda, na humo wanaakiolojia walifukua vigae vya vyungu vya watu walioishi kwa kuvua, kuwinda na kuokota matunda maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Vyungu vya aina hiyo sasa vinaitwa vya Kansyore popote vinapoonekana, kuanzia kingo za Kagera hadi mwambao wa Ziwa Viktoria nchini Kenya. Watu hao hawakuacha jina la ukoo wala kaburi linalotambulika. Walichoacha ni udongo uliochomwa, na udongo huo umedumu kuliko falme zote zilizowafuata.

Kisha chuma kikaingia. Yapata miaka 500 kabla ya Kristo, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera, walikuwapo watu waliojua kuyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri za udongo, na vyungu vyao, vyenye kibonyeo kitakoni, vinajulikana kwa jina la Urewe. Ushahidi mashuhuri kuliko wote ulipatikana Katuruka, katika kata ya Maruku karibu na Bukoba, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba mwaka 1970. Jambo linalostahili kusisitizwa ni namna alivyofika mahali hapo. Hakuongozwa na ramani wala kwa bahati. Wazee wa Katuruka walimwonyesha mti mkubwa ulioitwa Kaiija, wakamweleza kwamba hapo ndipo wahunzi wa kale walipofua chuma kwa mujibu wa habari za mfalme Rugomora Mahe. Chini ya mahali palipotajwa na masimulizi pakaonekana mabaki ya kazi ya chuma yaliyomtangulia mfalme huyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mti ulikuwa umeshika mahali, masimulizi yakaushika mti, na wazee wakayashika masimulizi. Kila kilichofuata katika historia ya alama za Kagera kinategemea mnyororo huo wa vitu vitatu. Palipokatika kimoja, vingine viwili havikudumu.

Chuma kilileta shoka, na shoka likaleta shamba. Misitu ilirudi nyuma, mkaa wa tanuri ukaila, na katika karne zilizofuata mgomba ukawa moyo wa makazi. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kilikuwa tofauti na shamba la wimbi au mtama ambalo mtu huliacha baada ya misimu michache. Mgomba ukitunzwa kwa samadi na majani huzaa vizazi na vizazi mahali pale pale. Kwa hiyo mwenye kibanja alikuwa na sababu ya kuweka mpaka wa kudumu, naye aliuweka kwa mulamula, mmea usiokufa upesi hata ukikatwa, ambao wazee waliutumia pia kama ishara ya suluhu kati ya wagombanao. Ndani ya kibanja walizikwa wafu. Baba alilala chini ya migomba aliyoipanda, na mwanawe alipodai ardhi hiyo mbele ya wazee alionyesha kaburi kabla ya kusema neno lolote. Hapo ndipo ilipo asili ya kumbukumbu ya waanzilishi: hati ya ardhi, ibada ya mababu na alama ya kihistoria vilikuwa kitu kimoja.

Koo ziliongeza alama ya namna nyingine, isiyoshikika kwa mkono. Kila ukoo ulikuwa na muziro wake, mnyama au kitu ambacho wanaukoo hawakili wala hawakidhuru, na kwa muziro mgeni aliyefika kijijini alitambulika ni wa nani na anapaswa kupokewa na nani. Mtu aliweza kuhama na kuiacha nyumba, kaburi na mti, lakini muziro aliondoka nao. Katika nchi ambayo ukame, maradhi na vita vilihamisha watu mara kwa mara, hii ilikuwa alama thabiti kuliko zote. Ndiyo maana leo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba ukoo wa Wasita ulitangulia katika Karagwe ingawa hakuna jengo lao lililosimama: ukoo upo, jina lipo, na masimulizi ya jirani zao yanakiri hivyo.

Mapokeo ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, yanamtaja Nono wa Malija, wa ukoo wa Wasita, kuwa mtawala wa Karagwe kabla ya kuja kwa Ruhinda. Ruhinda anahesabiwa kuwa wa uzao wa Wamara, mtawala wa mwisho wa Wachwezi, wafalme wa kale wa masimulizi ya eneo hili, na ujio wake huwekwa na wanahistoria kati ya karne ya 15 na ya 16. Kutoka kwake walitokea Wahinda, ukoo wenye nkende, yaani tumbili, kuwa muziro wake, uliotawala Karagwe, Nkore, Ihangiro na Buzinza. Masimulizi husema Ruhinda alimwondoa Nono kwa hila zaidi kuliko kwa vita. Kwa mwanafunzi wa historia, namna alivyoshinda ina uzito mdogo kuliko alichokifanya baada ya kushinda, kwa maana mfugaji huyo hakuzifuta alama za wahunzi na wakulima aliowakuta. Alizichukua. Wasita walisifika kwa uhunzi, na nyundo ya mhunzi ikawa miongoni mwa vitu vitukufu vya mfalme. Mukama, yaani mfalme, wa Karagwe, ambaye utajiri wake ulikuwa ng'ombe, alijitambulisha kwa watu wake kwa chuma cha waliomtangulia. Utawala mpya ulijipatia uhalali kwa kuitunza alama ya mwanzilishi wa zamani. Nikilinganisha na yaliyofanywa na tawala zilizofuata, naona hekima kubwa katika uamuzi huo.

Kwa muda mrefu Wahinda walitawala wakiwa na makao yao makuu Bweranyange, kwenye vilima vinavyotazama ziwa. Kikale, yaani makao ya Mukama, hakikujengwa kwa mawe. Kilikuwa cha miti, nyasi na matete, nyumba za msonge zilizozungukwa na ua, na kila mfalme alipokufa nyumba zake ziliachwa zioze. Kilichobaki ni jina la kilima, ngoma, na vyuma. Rumanika, mfalme wa karne ya 19, alimsimulia mgeni wake, msafiri Mwingereza Speke, jinsi wafalme walivyozikwa: maiti ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikawekwa kwenye mtumbwi ziwani kwa siku tatu, na funza watatu waliotoka humo wakaaminika kugeuka simba, chui na fimbo. Kisha mwili ulipelekwa kilimani, pamoja na wasichana watano na ng'ombe hamsini, wakafungiwa ndani ya kibanda na kuachwa humo hadi kufa kwa njaa. Hatuwezi kuisoma habari hiyo bila kuwakumbuka wasichana hao, ambao hakuna masimulizi yaliyowahifadhi majina. Alama ya mfalme ilisimamishwa kwa uhai wao.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ulimwengu wa pwani ulifika Karagwe. Mfalme wakati huo alikuwa Ndagara. Kufikia miaka ya 1840 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wakitoka Unyanyembe walikuwa wameanza kupita humo kwenda Buganda, wakileta nguo, shanga na shaba, na kurudi na pembe za ndovu. Kafuro, si mbali na kikale, pakawa kituo chao, na kwa muda watu wa Zanzibar waliishi humo na familia zao, watumwa wao na maghala yao. Hawa nao walikuwa waanzilishi wa aina yao. Waliacha lugha, na Kiswahili kinachosemwa leo sokoni Kayanga na Omurushaka kina mzizi mmoja katika misafara hiyo. Ndagara alipofariki katika miaka ya 1850, wanawe waliugombea ufalme. Rumanika alimshinda nduguye Rogero kwa msaada wa wafanyabiashara, akiwamo Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na makao yake Kaze, yaani Tabora. Tangu hapo kiti cha Wahinda kilikuwa na deni kwa watu wa mbali.

Tarehe 25 Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanika, wakiongoza msafara ambao wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar, Sidi Mubarak Bombay akiwa mmoja wa viongozi wake. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki hadi Aprili, na katika miezi hiyo alichora picha za watu, mimea na vyuma vya mfalme. Toka hapo Karagwe ikapata alama ya namna ambayo haikuwahi kuwa nayo, yaani ukurasa uliochapwa. Kitabu cha Speke kilitoka London mwaka 1863, cha Grant mwaka 1864, na jina la Rumanika likasomwa na watu ambao wasingeweza kuonyesha Karagwe ilipo. Ukurasa huo ulikuwa na uzuri na ubaya wake. Uliandika tarehe, vitu na mazungumzo ambayo kumbukumbu ya mdomo isingeyashika kwa usahihi ule. Lakini Speke na Grant waliliita ziwa la chini ya kikale Windermere Ndogo, wakilifananisha na ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba wavuvi wa kingo zake hawakuwa na namna ya kuliita. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina, akaona sanamu za ng'ombe za chuma na shaba, mikuki ya kifalme na vyombo vingine ambavyo Rumanika alivilinda kama urithi wa waliomtangulia. Wageni walivitazama vitu hivyo kama vioja vya sanaa. Kwa Mukama vilikuwa kumbukumbu ya nchi nzima: kila kizazi cha wahunzi na wafalme kilikuwa kimetia humo sehemu yake.

Hazina hiyo haikupata amani baada ya Rumanika kufa. Warithi wake waligombana, na mapigano ya ndani yakawamaliza wana wa mfalme mmoja baada ya mwingine. Stanley alipopita tena mwaka 1889, akirudi na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Jimbo la Ikweta, kituo cha Kafuro kilikuwa kimekwisha nguvu zake. Mara ikaja sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe ulienea Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na 1891, na katika nchi ambayo ng'ombe alikuwa mahari, chakula, fidia na kiapo, kifo cha mifugo kiliuvunja uti wa mgongo wa jamii. Ndui na njaa vikafuata. Malisho yaliyokosa ng'ombe yakageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na makazi mengi yakaachwa. Ramani ya alama iliyokuwa imejengwa kwa karne nyingi ilibaki na mianya mikubwa: makaburi bila watoto wa kuyapalilia, miti mikubwa iliyosimama porini bila mtu wa kusema ilipandwa na nani.

Katika hali hiyo ya udhaifu utawala wa Wajerumani uliingia. Novemba 1890 Emin Pasha, sasa akiwa mtumishi wa Ujerumani, alianzisha kituo Bukoba, na mwaka uliofuata alipita Karagwe pamoja na Franz Stuhlmann akielekea magharibi. Miezi michache kabla, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimetia sahihi mkataba uliochora mpaka magharibi mwa Ziwa Viktoria kwa kufuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa karne ya 20 tume ya mpaka ikaja kusimika nguzo zake. Kwa mara ya kwanza alama ilisimamishwa katika nchi hii na watu wasiokaa hapo, kwa ajili ya watu wasiokaa hapo, bila kumuuliza mzee yeyote. Mulamula uligawanya vibanja vya majirani waliokubaliana. Nguzo ya tume iligawanya koo ambazo hazikujua kuwa zimegawanywa.

Wamisionari walileta alama zao pia. Mapadre Weupe walifika Kashozi, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1892, na Wamisionari wa Betheli wakaja Bukoba mwaka 1910 kuendeleza Ulutheri. Kazi yao ilienea hadi Karagwe, na kwa kiasi kikubwa iliendelezwa na wainjilisti na makatekista Waafrika waliotembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima. Kengele, kanisa la matofali, safu za mikaratusi na darasa vikawa vitambulisho vya mahali. Msalaba ukawekwa juu ya kaburi ndani ya kibanja kile kile. Miti mingi ya mizimu ilipoteza heshima kwa sababu ya mahubiri, na siwezi kusema kwamba hasara hiyo ilikuwa ndogo. Hata hivyo makanisa hayo yalianza kuandika majina ya watu wa kawaida: nani alibatizwa, lini, mtoto wa nani, wa kijiji gani. Kabla ya hapo jina la mkulima asiyekuwa wa ukoo wa kifalme liliishi vizazi vinne au vitano midomoni mwa wajukuu, kisha likapotea.

Waingereza waliichukua Bukoba kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na kuanzia mwaka 1926 utawala wa kupitia machifu ukawekwa katika sheria. Karagwe ikawa mojawapo ya himaya za Wilaya ya Bukoba, pamoja na Kiziba, Kianja, Kyamutwara, Ihangiro, Bugabo, Maruku na Missenyi. Wanyambo waliendelea kumwita mtawala wao Mukama, naye akaendelea kukusanya kodi, sasa kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza. Huko Dar es Salaam sanamu ya gavana Wissmann, iliyosimamishwa na Wajerumani, iliondolewa, na mwaka 1927 ikazinduliwa sanamu ya Askari mahali hapo. Minara ya zama hizo katika Afrika Mashariki ilihusu vita na wavumbuzi: Livingstone Ujiji, Speke kule Jinja kwenye chimbuko la Nili. Sheria ya kwanza ya kuhifadhi minara na mambo ya kale Tanganyika ilipitishwa mwaka 1937, na macho yake yalielekea zaidi kwenye magofu ya mawe ya pwani. Bweranyange ya nyasi haikuwa na gofu la kuonyesha.

Wakati huo huo Karagwe ilikuwa inajaa tena. Kahawa iliinua thamani ya ardhi, machimbo ya bati ya Kyerwa yakavuta vibarua, na Wahaya waliobanwa na uhaba wa ardhi karibu na ziwa walivuka kuja kutafuta vibanja vipya. Wakiga walitoka Kigezi, upande wa Uganda. Baada ya machafuko ya mwaka 1959 nchini Rwanda, Wanyarwanda wengi wakakimbilia mashariki ya Kagera. Vijiji vingi vya Karagwe na Kyerwa vya leo vina waanzilishi wa matabaka mawili: wale wa kale wanaokumbukwa kwa ukoo, na hawa wa karne ya 20 ambao wajukuu wao bado wanajua babu alifika na nani, alipewa eneo na nani, na alikuta nini alipofyeka. Hili la pili ndilo tabaka ambalo wanahistoria wameliacha bila kuligusa. Nashangaa jinsi tulivyo na kurasa nyingi kuhusu Grant na kidonda chake, na chache mno kuhusu mwanamke wa Kikiga aliyebeba vikonyo vya migomba kichwani akavuka Kagera.

Uhuru wa mwaka 1961 ulibadilisha watunzaji. Sheria iliyowafuta machifu ilikamilika mwaka 1963, na ufalme wa Karagwe ukafikia kikomo chake cha kiserikali baada ya karne zaidi ya nne. Mwaka 1965 Bunge lilianza kuufuta mfumo wa nyarubanja, uliomfanya mkulima alipe kodi kwa mwenye ardhi wa tabaka la juu. Ilikuwa haki, nayo ilichelewa. Mwaka 1964 ilitungwa Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo hadi leo, pamoja na marekebisho ya mwaka 1979, ndiyo msingi wa ulinzi wa urithi nchini. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vingi vya baadaye hulindwa endapo Waziri atavitangaza. Mwaka huo unaangukia katikati ya utawala wa Rumanika. Kwa hesabu ya sheria, nyundo iliyofuliwa Karagwe Speke akiwa mgeni wa mfalme ni mali ya kale, na iliyofuliwa na mwanafunzi wa mhunzi huyo huyo miaka miwili baadaye inangoja tangazo. Kibanja cha mwanzilishi wa mwaka 1930 kiko mbali zaidi na mkono wa sheria.

Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilipanga upya makazi ya nchi nzima, na kijiji cha kiserikali kikawa na mwenyekiti, ofisi na mhuri. Wasomi wa kizalendo nao walikuwa kazini. Israel Katoke alichapisha mwaka 1975 historia ya ufalme wa Karagwe, akiwa amekusanya mapokeo ya Wanyambo kabla wasimulizi wake hawajatoweka. M. M. Mulokozi alizichunguza tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi, akaonyesha kwamba mpiga enanga alikuwa mtunza historia kwa kiwango kile kile cha mwandishi wa kumbukumbu za serikali. Kazi hizo mbili, kwa maoni yangu, ni minara ya Kagera iliyo imara kuliko ile ya saruji.

Saruji ilikuja kwa sababu ya vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia eneo lililo kati ya mpaka na mto Kagera, naye akadai kwamba mto ndio mpaka halali. Mstari ule wa nyuzi 1 wa mwaka 1890 ulikuwa umerudi kudai damu. Daraja la Kyaka, njia kuu ya kwenda Karagwe, lilivunjwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Wanajeshi waliokufa walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, na makaburi yao yakawa mahali pa kumbukumbu ya kitaifa, ambapo jina la kijana wa kawaida, asiye wa ukoo wa kifalme wala msafiri maarufu, limeandikwa ili lisomwe na yeyote apitaye. Kwa Kagera hilo lilikuwa jambo jipya.

Miaka minne baadaye, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo. Yaliyofuata katika miaka ya 1980 na 1990 yanajulikana kwa kila ukoo wa Kagera. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba ugonjwa huo ulikata mnyororo wa kurithishana habari. Waliokufa walikuwa baba na mama wa umri wa kati, ambao walikuwa wamesikia kutoka kwa wazee na walitarajiwa kuwasimulia watoto. Babu na bibi waliachwa na wajukuu wadogo mno kubeba orodha ya mababu, na walipoondoka wao, waliondoka na habari za mti, za mpaka na za kaburi. Kisha ukaja mwaka 1994, ambapo wakimbizi wa Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu kuingia Ngara na Karagwe, na kambi kama Chabalisa zikasimama juu ya malisho na misitu hadi waliporudishwa Desemba 1996. Watu hao walihitaji kuni ili waishi, na vilima vilivyozunguka kambi vikapoteza miti.

Mwitikio wa hasara hizo ulianzia kwa wanavijiji wenyewe. Huko Katuruka, wazee waliobaki waliamua kulifufua eneo la Kaiija. Wakajenga upya nyumba ya msonge ya Rugomora Mahe, wakaonyesha palipokuwa tanuri, wakaanza kuwapokea wanafunzi na wageni, huku Schmidt, sasa mzee mwenzao, akifanya utafiti pamoja nao. Kwa upande wa Karagwe, Bweranyange imeendelea kuwa jina lenye uzito, na shule ya sekondari ya wasichana ya Kanisa la Kilutheri inasomesha mahali ambapo jina lake lilikuwa la kikale. Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilizaliwa kutoka ubavuni mwa Karagwe. Mwaka 2019 pori la akiba lililobeba jina la mfalme likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, yenye kilomita za mraba 247. Ni alama kubwa kuliko zote zilizowahi kuwekwa katika Karagwe kwa jina la mtu, na ni haki kwa Rumanika. Nono wa Malija, aliyetangulia, bado hana hata njia ya mtaa niijuayo.

Katika vijiji, alama ya zama zetu ni jiwe la msingi. Tangu Mwenge wa Uhuru uanze kukimbizwa nchini, zahanati, visima na madarasa mengi yaliyozinduliwa yamepata vibao vyenye tarehe na jina la kiongozi aliyeyafungua. Vibao hivyo ni kumbukumbu halali ya kazi ya umma, na mwanahistoria wa karne ijayo atavihitaji. Ila vinamtaja aliyekuja kufungua, si mwenye kibanja aliyetoa ardhi wala mafundi na kina mama waliosomba maji na mawe. Kuongeza mstari mmoja wa majina hayo hakuhitaji bajeti ya wizara. Halmashauri ya kijiji inaweza kuamua hivyo katika kikao cha kawaida, na shule ya msingi inaweza kukusanya majina kutoka kwa wazee kabla ya ujenzi kukamilika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake na kutoa hatimiliki za kimila. Chini ya sheria hiyo kumbukumbu ya mwanzilishi imerejea pale ilipoanzia, kwenye mpaka wa kibanja. Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, mpimaji anapofika na kifaa chake cha satelaiti, kazi haianzi hadi majirani na wazee wameitwa shambani kuthibitisha mipaka. Wanasimama kwenye milamula, wanataja aliyeipanda na aliyezikwa upande wa ndani, na wakikubaliana, namba za mahali hapo huandikwa na jina la mrithi likaingia kwenye daftari la kijiji.